Pikipiki, upepo na sentimita sita za kioo

Nilipofika Mafinga jioni ile sikuweza kugeuza shingo kumwitikia mhudumu wa mgahawa aliyenisalimia kutoka pembeni. Niligeuka mwili mzima, kama kabati linalosogezwa. Chai ililetwa, chapati zikaletwa, na masikio bado yalikuwa yananivuma kana kwamba injini haijazimwa. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri, nikapita Chalinze, Morogoro na Mikumi, nikapanda Kitonga, zaidi ya kilomita 550 kwa siku moja. Nilijiandaa kuumwa makalio. Kilichouma ni kichwa na shingo, maana tangu Mlandizi kichwa changu kilikuwa kinatikiswa kama kayamba.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba safari hiyo niliifanya nikiwa na kioo kipya. Pikipiki yangu ni ya masafa, ya cc 650, niliinunua mkononi mwa mtu, na ilikuja na kioo kifupi kinachoishia usawa wa kifua. Upepo ulikuwa unanisukuma mabegani, nami kama watu wengi nikadhani dawa ya upepo ni ukuta. Nikaenda Kariakoo, nikaingia duka moja, nikaomba kioo kirefu. Muuzaji akanitolea kirefu kuliko vyote alivyokuwa navyo stoo.

"Hiki, mzee, upepo utausikia kwa jirani."

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi siku hiyo nilikuwa nataka kuvutwa. Nikalipa, kikafungwa, nikarudi nyumbani nimekaa nyuma yake kama bwana mkubwa ndani ya Land Rover. Ukingo wake wa juu ulifika usawa wa macho yangu. (Tunakiita kioo, ingawa hakuna kioo hata chembe, ni plastiki ngumu, na plastiki hiyo ina maadui zake. Nitawataja.)

Mjini kilikuwa raha tupu. Foleni ya Ubungo, mwendo wa 40, kimya. Kibaha, mwendo wa 60, bado kimya. Baada ya Mlandizi, mshale ulipovuka 80, kitu kikaanza kunipiga helmeti kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka kiasi kwamba namba za malori yaliyokuwa mbele yangu ziligeuka ukungu. Nikainua kidevu, kikazidi. Nikainama, kikapungua. Lakini nani ataendesha ameinama mpaka Mafinga?

Fundi wangu ana gereji uchochoroni Ilala, kijana wa miaka thelathini hivi ambaye husikiliza pikipiki kuliko anavyomsikiliza mwenye pikipiki. Niliporudi nilimpelekea malalamiko, nikitegemea ataniambia nitafute kioo kirefu zaidi. Akaniambia nipande, nishike usukani, nikae kama ninavyokaa safarini. Akasimama ubavuni akanitazama kama fundi cherehani anayempima mteja.

"Mzee, unataka kuzuia upepo au unataka shingo ipone?"

"Kwani si kitu kimoja?"

"Hapana. Kitoe kioo chote. Nenda mpaka Kibaha, urudi, halafu tuongee."

Niliona ananizungusha, lakini nilikwenda. Na pale barabara ilipofunguka nikafika 90. Upepo ulinikaba kifuani kama mkono wa mtu anayekuzuia mlangoni, na mikono ilichoka upesi kwa kung'ang'ania usukani. Kichwa, hata hivyo, kilitulia. Kilisukumwa nyuma, ndiyo, ila kilisukumwa mfululizo, upande mmoja tu, bila kupigwapigwa. Sauti ilikuwa kubwa lakini ya namna moja, kama mvua ya masika juu ya bati. Na namba za malori zilisomeka zote. Nilitoka Ilala bila kinga yoyote, nikarudi shingo ikiwa nzima.

Jiwe mtoni

Anayeijua barabara ya Iringa anakijua kipande kile cha Bonde la Mibuyu, baada ya Mikumi na kabla ya Kitonga, ambako Mto Ruaha Mkuu unafuatana na lami. Simama pale wakati maji yamepungua na mawe yametoa migongo nje. Chagua jiwe moja lililo katikati ya mkondo, ulitazame kwa dakika chache. Mbele yake maji yanakuja yamenyooka. Yakiligonga yanapasuka kushoto na kulia, na nyuma yake ndiko kwenye vurugu: yanajikunja, yanazunguka, mengine yanarudi kinyume cha mto. Tupa jani hapo nyuma ya jiwe. Halitulii, linavutwa huku, linatupwa kule. Jani jingine ulilolitupa mbali na jiwe linakwenda zake bila habari.

Hewa nayo ni mto. Kioo changu kirefu kilikuwa jiwe kubwa, na kichwa changu kilikaa palepale linapohangaika jani la kwanza. Bila kioo nilikuwa jani la pili.

Vizunguko hivyo vya hewa, tuviite visulisuli, huchomoka kwenye kingo za kizuizi kwa zamu, kimoja upande huu, kinachofuata upande ule. Mpangilio huo wa zamu kwa zamu ulielezwa kihesabu mwaka 1911 na 1912 na Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Budapest, na hadi leo unabeba jina lake. Visulisuli vya vumbi vya Dodoma unaviona vinakuja ukakimbia kufunga dirisha. Hivi vya pikipiki havina vumbi, kwa hiyo huvioni, unavihisi tu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa vinaweza kukupita mara kumi au zaidi ndani ya sekunde moja. Helmeti ya kufunika uso wote ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kichwa chenyewe kilo nne na nusu au tano. Zigo hilo lote shingo inalizuia lisiyumbe, mara kumi kila sekunde, kuanzia Mlandizi hadi Mafinga.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo madereva wengi hawalijui na wauzaji hawalisemi. Nyuma ya kioo msukumo wa hewa unapungua, panabaki pengo linalonyonya. Upepo unaopita juu ya ukingo unaporomoka kulijaza pengo hilo, na njiani unakutana na helmeti yako. Kioo kikiwa kirefu na kipana, pengo linakuwa kubwa, na hewa huja kulijaza kutoka kila upande, hata kutoka nyuma. Ndiyo maana mtu aliyekaa nyuma ya kioo kikubwa wakati mwingine huhisi anasukumwa mgongoni na upepo, jambo ambalo mara ya kwanza linaweza kukufanya ugeuke kuangalia nani amekugusa.

Dawa ya pengo ni kulilisha hewa kidogo kidogo kutoka chini. Harley-Davidson walipozifanyia marekebisho pikipiki zao za safari kwa modeli za mwaka 2014, walitoboa tundu kwenye gamba lao la mbele, lile lenye umbo la mabawa ya popo, chini tu ya kioo, na kuliwekea mlango mdogo ambao dereva anaufungua na kuufunga. Hewa inaingia hapo, inajaza pengo, na ile ya juu haina tena sababu ya kuporomoka. Kampuni yenye mapesa yote hayo ilipambana na mtikiso wa kichwa kwa kutoboa.

Mwendo nao una hesabu yake mbaya. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nguvu ya upepo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kwa mwendo wa 100, ukanda wa pwani, kila mita moja ya mraba inayoukabili upepo inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 47 hivi. Mtu aliyekaa wima kwenye pikipiki anatanguliza karibu nusu ya mita hiyo, kwa hiyo anabebeshwa kilo ishirini na kitu kifuani bila kuombwa. Na upepo hausomi mshale wa pikipiki. Ukienda 80 huku upepo wa 30 unakuja usoni, kama inavyotokea mara nyingi pale Makambako, kifua chako kinajua uko kwenye 110. Nafuu ndogo ni kwamba ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi: Iringa, kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, imepungua karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na Dar. Kipigo kinapungua kiasi hicho hicho, ila baridi inachukua nafasi yake.

Wenye viwanda wamelijua jambo hili tangu zamani. Moto Guzzi walijenga handaki la upepo pale Mandello del Lario, pembeni ya Ziwa Como nchini Italia, mwaka 1950, kubwa kiasi cha kuingiza pikipiki nzima na dereva juu yake. BMW walipoitoa R100RS mwaka 1976, gamba lake la mbele lilikuwa limechongwa kwa kupimwa ndani ya handaki la Pininfarina, pia Italia, na ikawa pikipiki ya mfano kwa wote waliofuata. Siku hizi pikipiki kubwa za safari zina vioo vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Kazi nzuri sana. Ila ndani ya handaki hukaa mtu wao, mwenye kiwiliwili chake na helmeti yake. Hakuna aliyekuja Ilala kunipima mimi.

Kujipima

Ukimuuliza mtu ununue kioo cha urefu gani, atakuuliza una urefu gani. Swali hilo halina maana. Jirani yangu na mimi tuko sawa tukisimama. Tukikaa namzidi vidole vinne, kwa sababu yeye Mungu alimjalia miguu, mimi nikapewa kiwiliwili. Kinachohitajika ni urefu wa kuketi, juu ya siti ileile, ukiwa na buti na helmeti ileile, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye magurudumu yote mawili na si kulalia stendi ya pembeni. Mtu mwingine anashika rula kutoka ukingo wa kioo hadi usoni kwako.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba ukingo wa juu uangukie kati ya mdomo na ncha ya pua, macho yatazame barabara juu ya kioo, yasitazame kupitia ndani yake. Upepo ukishafika ukingoni haukati kona papo hapo. Unaendelea kupanda sentimita kadhaa kabla ya kulala, na kama ukingo umekunjwa kidogo kuelekea mbele unarushwa juu zaidi. Kwa hiyo kioo kinachoishia puani kinaweza kuupitisha upepo juu ya utosi. Kile kinachofika machoni, kama changu, kinakuibia usalama usiku: kioo cha pikipiki hakina waipa, kina mikwaruzo, na lori linapokuja limewasha taa kubwa kila mkwaruzo unakuwa uzi wa moto mbele ya macho yako.

Hiyo ni ya kuanzia. Jibu lenyewe liko barabarani. Fundi alinipa mtihani ambao nimewapa wengine tangu hapo. Tafuta kipande kilichonyooka, pasiwe na gari mbele wala nyuma, nenda 80, mikono yote miwili ikishika usukani, kisha jiinue polepole kwenye vikanyagio. Utafika mahali mtikiso unakatika ghafla kama mtu aliyezima redio. Kichwa kimetoka kwenye hewa iliyovurugika kimeingia kwenye hewa safi. Kumbuka umejiinua kiasi gani. Kisha kaa, jishushe taratibu nyuma ya kioo, utapata sehemu nyingine tulivu chini. Katikati ya sehemu hizo mbili ndiko kwenye jehanamu, na vioo vingi vinavyouzwa vinakupeleka hapo katikati hasa. Kifupi kidogo kingekufaa, kirefu zaidi kidogo pengine kingekufaa, lakini kirefu zaidi unakilipia kwa macho.

Kwangu ilikuwa vidole vinne. Maana yake kioo kilizidi vidole vinne, au siti ilipungua vidole vinne. Hesabu ni moja. Wapo waliomaliza tatizo lao kwa fundi wa masofa, akaongeza sponji kwenye siti, kioo kisiguswe. Wapo pia ambao tatizo lao ni ule mdomo wa juu wa helmeti za porini, unaodaka upepo kama mkono wa ndoo. Wakiufungua na kuutoa, safari inakuwa nyingine. Na usisahau kwamba mtu wa saa 2 asubuhi si mtu wa saa 10 jioni. Mgongo unalegea, unapungua sentimita tatu au nne, na kioo kilichokufaa Chalinze kinaanza kukupiga ukifika Ilula. Mimi sasa hujipima nikiwa nimechoka.

Fundi alianza na kilicho rahisi. Alizifungua zile skrubu nne kubwa, akaweka washa nene za mpira kati ya kioo na gamba, akarudishia skrubu ndefu zaidi, na chini ya kioo pakabaki mwanya wa sentimita moja na nusu hivi, upana wote. Basi. Gharama yake ilikuwa chini ya ile chai na chapati za Mafinga. Nilipojaribu, mtikiso ulikuwa umepungua karibu nusu, na kile kitu cha kunisukuma mgongoni kilikuwa kimekwisha kabisa. Kuna pikipiki ambazo mtu angeishia hapo.

Kukata ndiko kulikoninyima usingizi. Kioo kipya, fedha bado zinauma, halafu mtu anakuja na msumeno. Kuna plastiki za aina mbili sokoni. Akriliki inang'aa vizuri lakini inapasuka ukiikaba. Polikaboneti inavumilia kipigo hata cha jiwe, ila inakwaruzika upesi isipokuwa imepakwa tabaka la kuikinga. Cha kwangu kilikuwa polikaboneti, fundi akasema afadhali. Alikifunika tepu ya karatasi pande zote mbili, akakilaza kile kioo cha zamani juu yake kuchukua mkunjo wa ukingo, akachora kwa kalamu, akakata kwa msumeno wa meno madogo bila haraka, akasugua ukingo kwa msasa wa maji mpaka ukawa wa mviringo. Mtihani ulikuwa umesema vidole vinne, karibu sentimita saba. Alikata sita.

"Hiyo moja?"

"Pindo, mzee. Ukinenepa tutaitoa."

Sikuelewa kunenepa kunahusiana vipi na kioo mpaka baadaye: mtu akiongezeka anazidi kuididimiza siti.

Kwa asiyetaka msumeno kuna vipande vya kubandika juu ya ukingo, na Wajerumani wa MRA wana vioo vyenye ulimi mdogo unaorekebishwa, wenye nafasi chini yake ya kupitisha hewa. Kanuni ni ileile ya tundu. Nimejaribu cha rafiki yangu, ni kizuri, ingawa kwa pikipiki yangu sioni kilichonizidi.

Sasa wale maadui. Petroli ikidondokea polikaboneti inaiharibu, kwa hiyo angalia kitambaa kilichofutia tangi kisipite kwenye kioo. Dawa za kusafishia madirisha ya nyumba zenye amonia zinafanya hivyo hivyo. Gundi ya kuzuia nati zisilegee, ambayo mafundi wetu wanaipenda sana, ikigusa plastiki hii kuzunguka matundu ya skrubu inaleta nyufa ndogo kama utando wa buibui, na siku moja kioo kinabaki mkononi. Na usifute vumbi la Dodoma kwa kitambaa kikavu. Weka taulo lililolowa maji juu ya kioo, kunywa soda, ukirudi wadudu wa Mikumi watakuwa wamelainika.

Mambo ambayo kioo hakiyawezi

Mke wangu hupanda nami mara chache, na alikuwa na malalamiko ya kwake ambayo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nashughulika na yangu. Wakati wa kile kioo kirefu alisema, "Wewe umejijengea kibanda, mimi umeniacha uani." Ni kweli. Abiria anakaa mbali zaidi na kioo, mahali ambapo vurugu imeshapanuka, na juu ya hapo anapokea vurugu inayotoka mabegani mwa dereva. Baada ya kukata, helmeti zetu zimeacha kugongana ovyo, lakini upepo bado anaupata. Anapanda basi.

Kisha kuna malori. Barabara ya Tunduma inabeba mizigo ya Zambia na Kongo, na nyuma ya semi-trela moja kuna vurugu ya hewa kubwa kuliko ya vioo vyote vya Kariakoo. Ukiwa nyuma yake kichwa kikaanza kutikisika, usimlaumu fundi. Rudi nyuma mpaka hewa itulie, au lipite lori kabisa pale inaporuhusiwa. Kukaa mita ishirini nyuma yake ni kujitakia. Likikutana nawe likitoka upande wa pili, utapata kofi moja la upepo halafu mnyonyo. Hapo kioo kikubwa kina ubaya wake, kwa sababu kinadaka kofi hilo kama tanga, na kama kimefungwa kwenye usukani wenyewe badala ya fremu, kofi linapelekwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Nimeona pikipiki ndogo yenye kioo cha mabavu ikihama upande mzima wa barabara.

Masikio nayo ni kesi yake. Kwa mwendo wa safari, kelele ndani ya helmeti hupita desibeli 90 kirahisi, na karibu yote ni ya upepo, si ya injini. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mwisho wa kukaa kwenye kelele kuwa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15. Dakika 15 kutoka Dar hazikufikishi hata Kibaha. Kioo kilichokaa vizuri kinapunguza ngurumo, hakiitoi. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, vile vya duka la dawa, uvisokote uviingize vizuri. Nilipuuza ushauri huo miaka mingi kwa sababu nilidhani sitasikia honi. Honi husikika vizuri zaidi, maana mvumo ndio uliokuwa unaifunika.

Na joto! Kioo kirefu Dar mwezi wa Februari ni tanuri. Jasho linakutiririka ndani ya jaketi wakati sentimita kumi juu ya kichwa chako kuna upepo wa bure. Mvua nayo ina lake: nyuma ya kioo kirefu matone yanatulia kwenye vaiza ya helmeti kwa sababu hakuna upepo wa kuyafagia, unabaki kufuta kwa glavu. Ukifika Mafinga mwezi wa Julai unakitaka tena kile ulichokilaani Chalinze. Barabara moja, siku moja, na inakutaka uwe na vioo viwili. Wenye vya kupanda na kushuka wacha wajidai.

Koti la nyuma mbele

Wengi wanaoendesha pikipiki katika nchi hii hawana habari ya haya yote, na wana haki. Bodaboda wa cc 125 au 150 akienda 60, upepo unamsukuma kwa karibu theluthi moja tu ya nguvu ya 100, na visulisuli havina ubavu wa kumtikisa. Adui yake ni baridi. Njombe, Makete, Mbeya, na huko Kenya Limuru na Kericho, utamkuta alfajiri amevaa koti zito nyuma mbele, zipu mgongoni, kifua kimefunikwa bila mwanya. Ni ubunifu ambao hakuna handaki la upepo lililowahi kuufikiria, na unafanya kazi. Nairobi wameongeza kioo na mwavuli mkubwa unaofunika dereva na abiria. Kwa mvua ya mjini ni sawa. Kwa barabara kuu yenye upepo wa ubavuni siwezi kuupanda.

Mwezi uliopita nilikwenda tena, nikapita Mafinga bila kusimama, nikaenda kunywa chai Makambako. Shingo ilikuwa nzima, niliigeuza kila nilipotaka, hata pasipo na sababu. Nje ya mgahawa palikuwa na kijiwe, na kijana mmoja, koti nyuma mbele, "elementi" (helmeti yake) imening'inia kwenye usukani, alikuwa anazunguka chombo changu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo.

"Shikamoo mzee. Hiki kilikatwa?"

"Marahaba. Kilikatwa."

"Kizima hivi? Kipya? Kwa nini?"

Nikamweleza habari za jiwe na jani, za pengo, za vidole vinne. Alisikiliza kwa adabu. Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa na kinga aliyoitengeneza kwa ubavu wa dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, amelikata, amelitoboa, amelifunga kwa waya juu ya taa, na lilikuwa limeishia chini ya kifua chake, na mwanya chini yake. Nikamwambia limekaa vizuri kuliko changu kilivyokuwa. Akalitazama kama analiona mara ya kwanza, akarudi kwenye kioo changu.

"Na kile kipande ulichokitoa?"

"Kiko kwa fundi, Ilala. Sentimita sita tu, kijana wangu."

"Sita?" Akapima kwa vidole juu ya taa yake. "Zingenitosha."